Nusu Goti kwa Bibi wa Bukoba

Leo nimeaibika mbele ya bibi wa watu, na shahidi yupo.

Mnajua najifunza kushona kwa mama Neema, jirani yetu hapa Kiseke. Juzi mama yake mzazi alifika kutoka Bukoba. Nikamwamkia nimesimama wima, kama tulivyozoea tangu kwetu Mogadishu. Baadaye rafiki yangu Neema akaninong'oneza, "Bibi anasema una kiburi. Kwao msichana haamkii mkubwa akiwa amesimama. Anapiga magoti."

Nikaumia. Nyumba ile ndiyo pekee inayonipokea mtaani (na cherehani ni yao).

Jioni nikamuuliza baba. Akajibu bila kuacha kukunja mitumba yake, "Magoti ni ya Mungu."

Basi nikatafuta njia ya katikati. Nitakunja magoti nusu, yasiguse chini. Bibi ataona heshima, baba hatakuwa na neno. (Nilijiona nina akili sana.)

Leo asubuhi bibi alikuwa amekaa mkekani, anachambua senene, wale panzi wa kuliwa, kwenye ungo. Nikashuka nusu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Baba?"

"Hajambo."

"Na yule mdogo wako, namsikia anakohoa?"

Sikujua kuwa salamu za Wahaya, watu wa kwao bibi, ni safari. Alipofika kwa kuku wetu, mapaja yalikuwa yanatetemeka. Alipouliza kama mvua ya jana ilifika na kwetu (tunakaa nyumba ya pili), nikakanyaga pindo la gauni.

Magoti yakagusa chini, viganja vikagusa, paji la uso likazama kwenye senene. (Sijda kamili. Mwelekeo tu ndio haukuwa wenyewe.)

Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi hakucheka. Alinitoa senene kwenye mtandio, mmoja mmoja.

"Ulikuwa unafanya nini, mjukuu wangu? Hujasimama, hujapiga magoti."

Machozi yakanitoka. "Baba amesema magoti ni ya Mungu. Na wewe umesema nina kiburi."

Akasogeza ungo pembeni.

"Na kukaa, amekukataza?"

"Hapana."

"Basi kaa hapa, uniamkie."

Nikakaa mkekani, karibu naye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Akaanza upya, mpaka kwa kuku. Nikajibu yote bila haraka.

Sasa nyie mkitaka kunicheka, kwanza kaeni. Nusunusu inaumiza mapaja.