Godauni la Ukutani

Mvua ilipokatika, Kariakoo nzima ilianika. Vitenge vilitandazwa juu ya boneti za magari ya watu, mashuka yakaning'inizwa hadi kwenye vibao vya maduka, na Mzee Abdulrazak, ambaye kwa kawaida hasimami kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa ofisa wa kodi, alisimama katikati ya Mtaa wa Mchikichi akikamua khanga kama mtu anayemkamua mbuzi mkaidi. Stoo yake ya bondeni Jangwani ilikuwa imeingia maji. Za wenzake pia.

Watu wenye utu walimpa pole. Fikirini naye alimtazama kwa uso wa msibani, ila macho yake yalikuwa yanacheka.

Huyu Fikirini hakuwa mwizi. Mwizi hutoka jasho. Yeye alijaliwa mdomo, na mdomo ule ulikuwa umeshauza viwanja vilivyoko baharini na ajira kwenye meli ambayo haijaundwa. Kila baada ya mchongo alipotea mjini kidogo, akangoja watu wapate tapeli mwingine wa kumchukia, kisha akarudi amenyoa ndevu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Usinipe pole, kijana, nimeshiba pole."

"Sijaleta pole. Nimeleta godauni."

Mzee Abdulrazak aliacha kukamua. Fikirini akamweleza: kampuni inaitwa Ghala Letu, godauni liko Gerezani, juu, maji hayafiki hata yakibebwa kwa ndoo. Nafasi ni chache.

"Wengine wanajua?" mzee aliuliza huku akichungulia pembeni.

"Bado."

"Basi wasijue. Mimi nitachukua nafasi tatu. Mbili nitawapangisha haohao kwa bei ya kuwafunza adabu."

Kufikia alasiri Fikirini alikuwa ameshamnong'oneza kila mwenye mzigo uliolowa, na kila mmoja alikuwa ameapa kutomwambia mwenzake. Hivyo ndivyo siri inavyotunzwa Kariakoo. Kikwazo kilikuwa Bi Ummy, mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani, mwanamke ambaye hata jua likichomoza huomba risiti.

"Maneno nimeyasikia, mwanangu," alisema. "Sasa tuite sote ukumbini, utuonyeshe slaidi. Siku hizi hata muuza dawa ya mende ana slaidi."

Fikirini akazitengeneza mwenyewe. Alizijaza maandishi mpaka pembeni, akatia rangi zote alizozikuta kwenye kompyuta, akayafanya maneno yaingie yakizunguka kama kishada kilichokatika uzi. Kisha akazipeleka kwa Zena, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi Mtaa wa Sikukuu, ambaye kampuni nyingi humwendea kimyakimya kabla ya vikao vyao vikubwa.

Zena alizipitia moja moja.

"Kaka, hii ni slaidi au gazeti?"

"Ni maelezo kamili, dada."

"Ni dawa ya usingizi. Mtu hawezi kukusoma na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Maneno yaache mdomoni mwako, ukutani tuweke kinachoonekana. Slaidi moja, jambo moja." Akaanza kufuta, na kila alipofuta Fikirini alijikunja kama anang'olewa jino. "Tena usianze na kampuni yako. Nani ana shida na kampuni yako? Anza na shida yao."

Akamwuliza maswali. Godauni liko mtaa gani? Mlango una upana gani? Fikirini alijibu papo kwa papo: nyuma ya karakana za zamani, mlango wa buluu, lori linaingia na kugeuza. Uongo ulimtoka kwa raha, maana hakuwa amewahi kuulizwa kwa umakini namna ile.

"Sasa kanuni kubwa," Zena alisema. "Usigeuke kusoma slaidi. Msemaji anayewapa watu kisogo ameshawapoteza. Watazame wao. Ukutani niachie mimi."

"Na mwisho uweke namba ya kulipia," alisema Fikirini, akampa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake. Zena akaipokea.

Siku ya kikao ukumbi wa hoteli ulijaa. Zena alikaa nyuma, kwenye projekta. Fikirini, ndani ya suti ya kuazima, alisimama mbele.

Taa zikapunguzwa. Ukutani likatokea robota la vitenge likichuruzika maji, na chini yake neno moja: "Tena?"

Mzee Abdulrazak akavua miwani, akaifuta. Ikafuata ramani, bonde la Jangwani limetiwa buluu na Gerezani imekaa juu yake, kavu. Kisha mlango mpana wa buluu, wazi, lori likiingia. Kila picha ilipobadilika Fikirini aliziona nyuso zikifunguka, akaona kumbe ana kipaji kuliko alivyodhani. Sauti ikashuka pale ilipotakiwa kushuka. Mikono ikapaa. Hakugeuka hata mara moja. Jioni ile alikuwa na safari ya Mtwara, na moyoni alisikitika kidogo kuuacha mji unaosikiliza vizuri hivi.

"Ndugu zangu, nafasi ni kwa atakayewahi!" alimaliza. Nyuma yake slaidi ya mwisho ikatua, namba peke yake, kubwa, hata mwenye mtoto wa jicho angeisoma. Simu zikatoka mifukoni. Vidole vikakimbia. Watu walilipa kwa kificho, kila mmoja akimkinga jirani yake kwa bega, kama wanafunzi kwenye mtihani.

"Kijana!" aliita Mzee Abdulrazak. "Jina linakuja Ghala Letu. Ndilo?"

"Ndilo!" ulijibu mdomo wa Fikirini.

Akili ilifika baadaye. Ghala Letu? Jina lilipaswa kuwa la shemeji. Kampuni yenyewe aliibuni barabarani, pale alipoona khanga inakamuliwa. Akaipapasa simu mfukoni. Kimya. Ndipo, kwa mara ya kwanza siku ile, alipoipa hadhira yake kisogo. Namba iliyong'aa ukutani ilikuwa safi, imesomeka vizuri, na haikuwa yake.

"Jamani, kuna hitilafu ndogo..."

"Hitilafu gani?" Bi Ummy aliinua simu yake. "Ujumbe huu hapa. 'Umelipa Ghala Letu.' Si mwenyewe umesema ndilo?"

Fikirini alimtazama Zena. Zena alikuwa anakunja waya wa projekta taratibu, kama mtu anayekunja mkeka baada ya kushiba.

"Wateja wetu wapendwa," alisema, akisimama, "kama alivyoeleza mkurugenzi, godauni liko wazi leo. Atatuongoza mwenyewe."

Wachache wamewahi kuongoza msafara kwenda mahali ambapo hapapo. Fikirini alitangulia, Mzee Abdulrazak amemshika mkono kwa mapenzi yasiyoachia. Walipokaribia kituo cha mabasi ya mwendokasi alijaribu kupinda kulia.

"Kushoto, mkurugenzi," ilisema sauti ya Zena nyuma yake.

Wakapinda kushoto. Wakapita maduka ya vipuri, wakapita karakana za zamani, na mbele yao ukatokea mlango mpana wa buluu. Pembeni alikaa mzee mmoja na funguo. Zena akamsalimia kwa jina, Mzee Mgeni, na mzee akafungua. Ndani palikuwa pakavu, pana, mbao zimepangwa chini tayari kubeba mizigo.

Watu wakapiga makofi. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa mkurugenzi mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mzee Abdulrazak, ametokwa na machozi. "Nilikudhania tapeli. Sasa nafasi zangu tatu ziko wapi?"

"Kila mteja moja, mzee," alijibu Zena. "Zilizozidi zinarudi kwenye simu yako." Machozi ya mzee yakakauka papo hapo.

Wengine walipokuwa wanagombea pembe za ukuta, Fikirini alimvuta Zena kando.

"Ulijuaje?"

"Nilikuuliza mlango una upana gani, ukanijibu bila kufikiri. Mwenye godauni la kweli angesema ngoja nikaangalie." Akamwonyesha Mzee Mgeni kwa kidevu. "Hili limekaa tupu tangu karakana yake ifungwe. Mimi na yeye tumewafuata wafanyabiashara hawa mwaka mzima. Mimi ukweli nikiusema, watu wanapiga miayo. Wewe ukiusema uongo, wanalia. Nikasajili jina, nikaupaka mlango rangi uliyoitaja, nikapiga picha, nikakuacha uongee."

"Umenitapeli!"

"Nimekuajiri."

"Nitakwenda polisi!"

"Ukawaambie nini? Kwamba uliuza godauni ambalo halikuwepo, halafu likawepo?"

Basi la Mtwara liliondoka bila yeye. Kesho yake angeweza kupanda lingine, lakini kila alipokatiza mtaa watu walimpisha, "Karibu chai, mkurugenzi," na kifuani alisikia kitu kigeni, akadhani ni kiungulia. Akanunua dawa. Hakikutoka.

Wiki iliyofuata alikuwa mezani kwa mama ntilie wakati simu ilipoita. Ilikuwa ya Bi Ummy. Kwa mazoea alishaandaa jibu, kwamba yuko Dodoma na mtandao unakatika.

"Mkurugenzi, panya wametafuna maboksi yangu yote! Njoo uone!"

Fikirini alibaki ameishika simu, chipsi zinapoa. Maishani mwake alikuwa amelalamikiwa na watu wengi, kwa lugha nyingi, wengine wakiwa na marungu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumlalamikia juu ya kitu kilichopo.

"Nakuja, mama," alisema.

Akaacha chipsi mezani, akaenda kutafuta paka.