Cherehani Iliyosafiri na Lebo ya Bata

Jumatatu, 3 Juni
Wazo jipya. Mizigo inayoshuka hapa ni ya aina mbili: ya watu wetu, inayokwenda stoo, na ya watu wa mbele, inayobandikwa lebo ya stesheni ya mwisho na kupakiwa treni ya saa nne. Leo lebo niliziandika mapema, nikawa nabandika tu. Stesheni masta aone wepesi wangu. Miezi yangu ya majaribio inaisha mwezi huu. Mkata tiketi, anayeniita msomi, ameniuliza kama msomi anawahi harusi yake.
Saa tano amekuja mama fundi wa nguo kuchukua cherehani yake, imetoka kutengenezwa. Stoo hakuna cherehani. Kuna kreti ya bata sita wa stesheni ya mwisho. Cherehani imeondoka na lebo ya bata.
Nimemwambia treni imechelewa. Papo hapo mkata tiketi ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba treni zote zimefika kwa wakati.

Jumanne, 4 Juni
Kitabu cha mizigo iliyopotea sikigusi. Stesheni masta hukisoma. Nimempa gadi wa treni barua ya siri kwa karani wa stesheni ya mwisho, airudishe cherehani kimyakimya.
Mama fundi amerudi. Ameniita mwanangu. Ana sare ishirini za shule, zinatakiwa Ijumaa, na mwalimu mkuu ameshaanza kumuulizia fundi mwingine. Nimemwambia avute subira. Sikuweza kumtazama. Bata siwezi kuwapakia, hati yao imeondoka na cherehani. Wamekula chakula changu cha mchana.

Jumatano, 5 Juni
Karani mwenzangu amejibu: mzigo haurudi bila fomu yenye sahihi ya stesheni masta. Tena anauliza bata wako wapi, mwenye bata hamwachi apumue.
Fomu nimeichomeka katikati ya rundo la karatasi za kusaini. Stesheni masta amesaini kumi na tatu bila kuinua kichwa, kisha akaenda kula. Yangu ilikuwa ya kumi na nne. Bata walipopiga kelele nilikohoa kwa nguvu. Ameniambia nikapimwe kifua.
Mkata tiketi amenisogelea, akasema, safari hii bila kejeli, nimwambie mzee ukweli yaishe. Nimeona ni mtego.
Mama fundi ameketi kwenye benchi la abiria mchana kutwa. Ameona kifungo cha koti langu kinaning'inia. Akatoa sindano, akakishona palepale. Afadhali angenizaba kofi.

Alhamisi, 6 Juni
Bata mmoja ametoroka. Amepita dirisha la tiketi bila haraka, akaingia moja kwa moja kwa stesheni masta. Nimemfuata, nikaungama yote.
Hakugomba. Amenyanyua simu, akaongea dakika mbili, akasema cherehani inakuja na treni ya saa kumi. Ameniuliza kwa nini sikusema Jumatatu. Mizigo kupitiliza ni jambo la kila wiki, hata yeye enzi zake alipitilizisha kitanda cha maharusi. Cherehani ingekuwa hapa jioni ileile.
Imefika saa kumi kamili. Mama fundi ameipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu. Amesema shule ilichukua vitambaa vyake asubuhi, ikampa fundi mwingine. Kisha amenishukuru kwa kumhangaikia, akaniita tena mwanangu. Nimembebea cherehani mpaka getini. Ukweli nilikuwa nao mdomoni njia nzima. Nimerudi nao.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Ni haki yangu. Nimeapa kwamba kuanzia leo kila kosa nitalisema saa ileile.
Bata wameondoka na treni ya saa nne. Lebo nimeisoma mara tatu. Hati inasema bata sita.
Saa sita nimeinama kuokota kalamu. Bata wa sita yuko chini ya meza yangu, ananitazama.
Mlango wa stesheni masta ulikuwa wazi. Alikuwa anakunywa chai, peke yake, uso umetulia. Nimeona si vizuri kumharibia siku. Gadi anapita Jumatatu, barua nimeshaiandika.