Uwanja wa Mzee Ambindwile na Umeme wa Pikipiki Yangu

Masjala,
Tukuyu.

Mzee Ambindwile,
Kinyala.

Mzee wangu, shikamoo.

KUH: UWANJA WAKO KUNYWA UMEME WA PIKIPIKI YANGU

Naandika nikiwa na afya njema. Mimi ni Lusungu, yule karani anayekuletea tangazo la mbolea. Najua tangazo lenyewe ni lilelile kila mara, na kwamba nakala moja mama wa hapo kwako amefunikia maziwa. Leo nina malalamiko, na kwa kuwa mbele yako ulimi wangu huwa unalala, nimeona niyaweke kwenye karatasi kwa heshima zote.

1. Kila nikija kwako pikipiki inawaka. Kila nikitaka kuondoka haiwaki. Nikibonyeza swichi inatoa mlio mdogo kama mjusi, taa inafifia, honi inakohoa. Kiki yake ya kuwashia kwa mguu ilikatika zamani, maana ni pikipiki kuukuu, imeshapita kwa mwalimu, kwa katekista na kwa muuza maziwa kabla ya kunifikia. Inabaki kusukumwa. Mara ya mwisho ulisukuma wewe mwenyewe, Mzee wangu, na gurudumu la nyuma likakurushia matope kwenye shati la kanisani. Ulisema, "Kijana wa ofisi, pikipiki yako inajua njia ya kuja tu." Watu wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini ndani ya helmeti nilikuwa nalia.

2. Sikukimbilia kuulaumu uwanja. Nilianza kwa kuilaumu betri, nikanunua nyingine. Ikafia kwako ikiwa bado inanukia duka. Nikaenda kwa Muddy, fundi wa pikipiki hapa karibu na soko. Alipima betri injini ikiwa imezimwa: volti kumi na mbili na nusu, na ushei. Akawasha injini, akavuta mafuta kidogo, mita ikapanda mpaka kumi na nne. Alinieleza kuwa ingegoma kupanda, tungesema koili haizalishi umeme, au rektifaya, kile kidude kinachopokea umeme wa koili na kuulisha betri, kimeungua. Ingepanda kupita kiasi, betri ingevimba. Vyote vilikuwa vizima. Mwisho alizima injini, akachomoa waya wa betri, akaweka mita katikati aone kama kuna umeme unaovuja pikipiki ikiwa imelala. Hakuna hata tone. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Karani, pikipiki hii ni nzima kuliko wewe. Huko unakokwenda ndiko kuna tatizo."

Hayo ni maneno ya mtaalamu, si yangu.

3. Uzembe wangu hauwezi kutajwa hapa. Nikifika kwako siiachi pikipiki mvuani, naiingiza kwenye banda la nyuma, lile la kuivishia ndizi. Nazima taa. Ufunguo siuachi ovyo: namkabidhi binti yako Atupele, mkononi, kwa usalama. Kisha nakaa sebuleni nikinywa chai na kusubiri ujasiri. Jioni inafika, ujasiri haujafika, naaga, na betri imekwisha.

4. Hapa ndipo penye kiini. Pikipiki ya mwanao Jairo inalala kwenye banda hilohilo usiku kucha. Ni kuukuu kuliko yangu, na asubuhi inawaka kwa kuguswa tu. Banda moja, mvua moja, ndizi zilezile. Nimelitafakari jambo hili kazini mpaka nikajigonga muhuri kwenye kidole gumba. Jibu nililopata ni hili: uwanja wako unawatambua watu wa nyumbani, na wageni unawanyonya.

5. Matokeo yake, nashindwa kusema neno nililokuja nalo tangu tangazo la kwanza. Mtu atasemaje jambo zito kwa mzee ambaye muda mfupi baadaye atamsukuma kwenye matope? Siku moja nilifika mpaka "Mzee, mimi na..." nikamalizia na "mbolea." Na sasa mama, akiwa ameshika taa ya nyuma ananisukuma, amesema, "Jumapili usije na hilo dude ukatuzibia njia, tuna wageni kutoka Suma wanakuja kuangalia." Hakusema kuangalia nini. Nyumba yenye binti kama Atupele, Mzee wangu, wageni wanakuja kuangalia nini kingine?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Uwanja uonywe mbele ya mashahidi.

(b) Usiposikia, nyumba yako ihamishiwe mlimani zaidi, ili mteremko wa kunisukumia uwe mrefu na watu wa familia wasichoke.

(c) Ikiwa hayo ni mazito, lipo suluhisho la kitaalamu. Uwanja haumnyonyi mtu wa nyumbani. Basi nifanywe mtu wa nyumbani. Njia ninayoijua ni moja, nayo inapita kwa Atupele. Yeye nilishamuuliza, akanijibu, "Mimi nilikubali tangu tangazo la pili. Kazi ni kwako na baba." Ombi hili naomba lifikiriwe kabla ya Jumapili.

Nisalimie mama, Jairo, na jirani Andongwisye ambaye husukuma upande wa kushoto bila kulalamika. Ndaga fijo, Tata, yaani asante sana, Baba.

Wako katika heshima na katika matope,

Lusungu,
Karani.

Tanbihi: Leo ni siku ya soko. Atupele ameleta ndizi, akapitia ofisini, akaikuta barua hii mezani na kuisoma yote akiwa amesimama. Amecheka mpaka mkuu wangu akachungulia mlangoni. Kumbe kila nikimkabidhi ufunguo alikuwa anauchomeka, anawasha taa kubwa imulike mikungu ya ndizi, na kuizima akisikia naaga. "Nilitaka ukwame," amesema. "Nikajua ukikwama vya kutosha, utasema." Basi uwanja wako hauna hatia, na betri haina hatia. Wageni wa Suma nao wanakuja kuangalia ndama. Hilo ameniambia baada ya kuhakikisha kuwa nimeshatia sahihi. Malalamiko yote nayafuta, pamoja na maombi (a) na (b), nami nauomba radhi uwanja. Ombi (c) nililifikia kwa kalamu ili nalo nilifute, kwa kuwa halina tena msingi wa kiufundi, lakini Atupele amenishika mkono. Barua ataileta yeye mwenyewe. Ufunguo wa pikipiki pia ameuchukua, kwa usalama.