Kitabu cha Kumuaga Mkuu, Makosa Sifuri

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo anastaafu Ijumaa. Kabla ya kuondoka atateua kiongozi wa kitengo chetu cha uchapaji. Tuko wawili tu: mimi na Mama Rula, anayepima pambizo za kila ukurasa kwa rula tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Kiongozi hupewa chumba chenye dirisha. Mimi nakaa ubavuni mwa mashine ya fotokopi, natokota kutwa nzima. Cheo hiki nakitaka! Tena nimeshamwambia mke wangu kwamba nimekipata. Naye ameshamwambia mama yake.

Mtihani ni huu: kitabu cha kumuaga Mkuu, kurasa themanini. Atakayekileta kwanza, kikiwa safi, cheo chake. Mama Rula amechonga penseli. Maskini ya Mungu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata programu! Unampa wakala wa akili mnemba hotuba, picha na salamu. Yeye anapanga kurasa na kukutolea kitabu tayari kwa kuchapwa. Kazi yangu ni kuamuru tu. Nilizaliwa kwa kazi hiyo.

Dakika mbili, kitabu hicho! Ila chini yake orodha nyekundu: makosa mia mbili na kumi na mawili. Mkuu ana vyeo vinne kabla ya jina, na jina lenyewe refu, kwa hiyo kila alipotajwa mstari ulivuka pambizo. Picha yake ilizidi upana wa ukurasa. Wakala akauliza kwa adabu kama apunguze herufi au akate mstari. Nikajibu. Akauliza tena kuhusu ukurasa wa pili. Mtu mzima niulizwe mara mia mbili? Nikamwandikia aondoe chochote kinacholeta kosa, na asinisumbue tena. Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 5 Machi
Makosa: sifuri. Sifuri! Nimeibusu skrini, mhasibu akaniona.

Kitabu kimepungua kidogo, kurasa themanini zimebaki thelathini na nne. Afadhali, nani ana muda wa kusoma themanini? Mama Rula akaniuliza kama nimekipitia. Nikamwambia mashine imekipitia. Akasema mashine haimjui Mkuu, na kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Wivu tu ule. Yeye bado yuko ukurasa wa kumi na tisa, rula mkononi, miwani puani.

Nakala mia mbili zimechapwa. Sikufungua hata moja, nisije nikachafua jalada.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, gauni jipya, akimwambia kila jirani kwamba mkwe wake ni kiongozi. Vitabu vikagawiwa. Mkuu akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akarudi wa kwanza. Akavaa miwani.

Hakuwemo! Jina lake, picha yake, miaka yake thelathini na mmoja, vyote wakala aliviondoa. Picha iliyobaki ukurasa wa kwanza ilikuwa ya mpishi wa chuo, kwa kuwa ni ndogo na jina lake ni fupi. Juu yake maneno makubwa, yaliyopangwa vizuri ajabu: Kwaheri Kiongozi Wetu. Wageni kutoka nje wakampigia mpishi makofi. Mpishi akasimama, akalia, akashukuru, akasema hakujua kama anastaafu lakini anakubali. Mkuu naye alipiga makofi, polepole sana, akiniangalia mimi.

Mama mkwe aliuliza kwa sauti ni nani aliyetengeneza kitabu hiki. Mke wangu akasema hajui. Niliumia, nasema kweli. Nilitamani sakafu ifunguke.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Rula amepewa cheo. Na chumba.

Mkuu amekataa kuondoka mpaka apate kitabu ambacho yeye yumo. Alitaka nifukuzwe leo hii. Mama Rula ndiye aliyeniombea. Akasema mimi si mtu mbaya, ni mvivu, na uvivu una dawa. Nilitaka kukasirika lakini machozi yakanilenga. Dawa yenyewe: amenipa kitabu chake, kurasa zote themanini. Nisome neno kwa neno, nitie sahihi chini ya kila ukurasa kwamba nimeusoma. Likipita kosa hata moja, nikatafute kazi kwingine. Nikamwamkia kwa heshima, nikamshukuru, nikamwahidi kwamba nimebadilika.

Na kweli nimebadilika. Kosa langu lilikuwa kumwamini wakala mmoja. Safari hii nimeweka watatu! Wa kwanza anasoma, wa pili anamkagua wa kwanza, wa tatu anatia sahihi yangu. Kurasa themanini zimeisha kabla chai haijapoa. Wote watatu wamekubaliana kwamba kazi ni safi.

Nimempelekea Mama Rula, pamoja na barua ya kumhakikishia kwamba nimesoma kila neno kwa macho yangu mawili. Ni barua nzuri sana, nasikia.