Betri Iko Chumbani na Mkaguzi ni Baba Mkwe

Emmaculate Amongin Oduori,
Karibu na soko la Funyula.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Jua la Magharibi Sola.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini umeamka salama na umepata chai. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, kwa sababu wiki tisa na siku mbili zilizopita niliolewa na Perez Oduori, mwanamume ambaye Mungu alimuumba siku ambayo hakuwa na haraka. Perez anafanya kazi Malaba, upande wa malori, na hurudi nyumbani Jumamosi. Zawadi yake ya harusi ilikuwa sola yenu: paneli moja, taa tatu na betri kubwa ya maji. Wengine hupewa maua. Maua hayachaji simu.

Naandika kulalamika, kwa heshima, kama ifuatavyo:

1. Fundi wenu alisema betri ikae mahali pakavu, mbali na moto, pasipofikiwa na kuku. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na sebuleni ndipo kuku wanapolala na ndipo ninapopikia mvua ikinyesha. Kwa hiyo aliifunga ukutani chumbani, hatua moja kutoka kitanda chetu. Sikulalamika. Chochote alichoninunulia Perez nalala karibu nacho bila taabu.

2. Baadaye mkatafuta mtu wa kijiji, mkamfundisha siku tatu Bumala, ili kila baada ya wiki tatu azunguke akikagua betri za wateja. Mkamchagua Mzee Paulinus Oduori. Hamkukosea: anajua betri kama wengine wanavyojua ng'ombe wao. Shida ni kwamba Mzee Paulinus ndiye baba mzazi wa Perez. Huenda huko ofisini mmesahau, lakini kwa Wasamia, na hata kwetu kwa Wateso, baba mkwe haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Heri betri ife.

3. Kwa hiyo Mzee hukagua betri yangu akiwa kwenye migomba, ameipa nyumba mgongo. Mama mkwe, Mama Petronilla, huyapokea maneno yake na kuniletea dirishani. Mzee akisema, "Mwambie bibi ya Perez apanguse ile unga nyeupe kwa vichwa za betri na maji moto, na aseme kama nati zimekaza," Mama hunifikishia yote vizuri, kisha huongeza, "Na anauliza kama unasikia kichefuchefu asubuhi." Halafu namsikia Mzee kule kwenye migomba: "Petronilla! Mimi nimeuliza nati!"

4. Wiki ya pili betri ilipungua nguvu kabla sijaelewa mambo ya maji yake. Mchana, saa ya chakula, Perez akanipigia simu kutoka katikati ya malori. Alisema, "Emma wangu, unajua wewe ni," na simu yangu ikazimika kwa kukosa chaji. Kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi sikujua mimi ni nini. Aliporudi alikuwa amesahau. Hasara hiyo siwezi kuieleza katika barua ya ofisi.

5. Hili ndilo kubwa. Kadi ya dhamana inataka sahihi ya mtu aliyeiona betri kwa macho yake, na Mzee Paulinus hasemi uongo, hata kwa karatasi. Visanduku viwili vya sahihi kwenye kadi viko wazi. Cha tatu kikibaki wazi Ijumaa hii, dhamana inakufa, na betri ikiharibika tutarudia koroboi. Kuihamisha pia hatuwezi, kwa sababu karatasi yenu inasema ikifunguliwa ukutani na asiye fundi wenu, dhamana inakufa siku hiyo hiyo.

Nimefikiria sana. Niliwaza mtoboe ukuta kwa nje na kuweka mlango mdogo, Mzee akague betri kama anayekagua mzinga wa nyuki. Lakini kwenye tundu hilo kitanda kitaonekana. Niliwaza pia mumhamishie Mzee Malaba. Lakini huko atafikia kwa Perez, ambaye amepanga chumba kimoja, nasi tutakuwa pale pale.

Kwa hiyo naomba kampuni itoe cheti chenye muhuri, kinachosema kwamba kila siku ya ukaguzi, kuanzia saa nne kamili asubuhi, mimi na Perez si mume na mke. Mzee ataingia chumba cha mtu baki, atatazama, ataweka sahihi, atatoka. Niliomba nusu saa. Perez amekubali robo saa tu, na hata hiyo aliikubali akiwa amenishika mkono. Padri bado hatujamwambia.

Msalimie fundi aliyepanda paa letu bila kuvunja bati, yule dada wa simu anayesema nisubiri, na mwenzi wako, kama Mungu amekujalia.

Mimi mteja wenu mwenye furaha nyingi na chaji kidogo,
Emmaculate Amongin Oduori (Bi.)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Mzee amefika. Mama Petronilla ameenda Sio Port kununua omena, kwa hiyo nimemjibu mwenyewe dirishani: maji yako kwenye mstari, nati zimekazwa, unga mweupe hakuna, taa ni ya kijani. Mzee amekuja kinyumenyume mpaka chini ya dirisha, akanipitishia kalamu juu ya bega lake. "Mimi sijaona. Wewe ndio umeona. Weka sahihi." Nimeweka. Kuna nyumba nne za wanawe wengine ambazo pia haingii, na kesho amenituma huko nikakague betri zao. Tafadhali futeni malalamiko yote, na cheti msikitoe kabisa; Perez tangu akubali hajalala vizuri. Naomba tu kofia ya kampuni, ya saizi ndogo. Perez anasema rangi ya chungwa inanipendeza.