Mpaka wa Kanada Ulioko Kasungami

Idara ya Kazi za Mbali ina heshima kuutangazia umma kwamba Kongo sasa inapakana na Kanada. Mpaka uko mtaa wa Kasungami, Lubumbashi, mlangoni pa nyumba ya mama Falonne. Mimi, katibu wa Idara, ndiye mshika muhuri.

Falonne hupokea kwenye kompyuta simu za wateja wa duka moja la viatu la Montreal. Kiatu kikibana kule, yeye hulalamikiwa huku. Mkurugenzi wetu, Bwana Casimir, aliposikia habari hizo alikwenda mwenyewe.

"Patro yako, ule anakulipa, eko wapi?"

"Ku Kanada, papa."

"Na weye?"

"Hapa ku nyumba. Minatumika kazi na internet."

"Kumbe! Kila siku unatoka mu inchi bila ruhusa!"

Papo hapo kizingiti kikatangazwa kuwa mpaka. Tukaweka meza, bendera na kamba. Ikawa kila siku Falonne anatoka nje ya nyumba yake ili aombe kutoka nchini, kisha anamngoja mkurugenzi amalize chakula chake kule mtaa wa Golf, aje kusaini. Huko Montreal simu zililia bila kujibiwa. Duka likamwonya kuwa kazi yake itapelekwa nchi nyingine.

"Papa, batoto banakula na hii kazi," alisema.

"Utandawazi unaomba subira, mama," alijibu mkurugenzi.

Alasiri moja, Falonne alipokwisha kuvuka, ikashuka mvua ya Lubumbashi, ile isiyojua cheo cha mtu. Radi ikapasua. Mkurugenzi akairuka kamba na kukimbilia ndani.

Sheria ni sheria. Nikagonga muhuri, kisha nikawapigia wakubwa simu kuwaarifu kwamba Bwana Casimir amekwenda Kanada. Hawakushangaa hata kidogo. Waliuliza tu gari ameliacha wapi, wakatuma dereva alichukue.

Mvua ilipokatika, akataka kutoka.

"Ruhusa ya kurudia mu inchi inasainiwa na shefu," nilimweleza.

"Shefu njo miye!"

"Shefu haiko. Alisafiri."

Ndani simu zilikuwa zinalia kwa pamoja. Falonne akamvutia kiti, akamvika vifaa vya masikioni.

"Pokea ile, papa. Mama moja kiatu kinamubana. Umuombe pardon kwanza, na usimukatie maneno."

Bwana Casimir alinitazama, akaitazama kamba, akakohoa.

"Pardon, Madame," alisema, taratibu.

Tangu nianze kazi Idarani sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Kweli ughaibuni kunafunza adabu.