Koti la Funguo Juu ya Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya magoti. Muuguzi amenieleza kwa upole kwamba gegedu la goti la kushoto limelika, mifupa inasagana. Kila kilo nitakayopunguza, goti litaiona kama kilo nne. Nipunguze sukari na mafuta. Nile mboga, dengu, samaki. Nitembee kila siku.

Binti yangu alishatoa amri tangu Jumamosi: nisipopungua kilo mbili kwa wiki mbili, kitanda changu kinashushwa stoo, kando ya jiko, nisipande ngazi tena. Stoo! Chumba cha juu nimelala na marehemu mume wangu miaka thelathini na mmoja. Kidato cha nne cha ngazi kinalia. Alikuwa akikikanyaga makusudi ili nijue amerudi.

Kwa hiyo nilijiandaa. Marehemu alikuwa fundi kufuli, na koti lake la kazi bado limejaa funguo mifukoni. Nimepanda nalo kwenye mizani, nikisingizia baridi. Kilo themanini na nane! Siku ya kupimwa tena nitaliacha nyumbani. Kilo tano zitapotea bila jasho.

Wifi yangu, dada wa marehemu, naye magoti hayamfai. Amepima sabini na tisa. Akauliza mbele ya foleni nzima kama ndani ya koti nimekuja na mtu mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Wifi amehamia kwetu kwa wiki mbili, eti tupungue pamoja. Amepekua kabati la jikoni na kugawa biskuti zangu kwa majirani. Mchana kabichi. Jioni kabichi, ila imekatwa vingine.

Hakujua kuna pakiti nne nyuma ya cherehani. Nimezihamishia juu, ndani ya sanduku la vifaa la marehemu. Wifi hapandi ngazi. Huko ni salama kama benki.

Ijumaa, 7 Machi

Vidato kumi na saba. Nimepanda mara sita leo, polepole, nimeshika kishikio kama muuguzi alivyoonyesha. Nikifika juu sina pumzi ya kula zaidi ya biskuti moja. Nikiimeza tu, Wifi anaita kutoka chini: wifi, uko salama huko? Nashuka. Baada ya saa moja napanda tena. Mwanamke huyu ana masikio ya popo.

Jioni kanitoa kutembea hadi kituo cha mafuta na kurudi. Ananiita mzigo. Nimemwita askari jela. Tumerudi tumeshikana mikono, kwa sababu ya magoti tu.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi anajisifu sketi inampwaya. Yangu pia imeanguka hadi kwenye nyonga, lakini mimi ni mshonaji, najua mambo haya. Ni lastiki imechoka. Nimeibadilisha.

Goti halikuniamsha alfajiri. Hali ya hewa imebadilika.

Jumapili, 16 Machi

Nimelipiga koti brashi. Kuna ufunguo mmoja umefungwa kikaratasi kwa mwandiko wake: Sijui wa nini, usitupe. Nimekaa nao kitandani kidogo. Kisha nimeurudisha mfukoni na kutundika koti nyuma ya mlango. Kesho nalisahau!

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika kliniki na Wifi na binti yangu, mwepesi kama unyoya. Muuguzi kafungua kadi yangu, akasoma: koti zito. Akasema hupima watu kwa nguo zilezile, koti liko wapi leo? Nikafungua mdomo kusema koti limechanika. Wifi akafungua mfuko wake akalitoa! Amempandisha binti yangu juu kulichukua, kisha amelibeba mwenyewe njia nzima kwa magoti yale. Hakutaka nisikie baridi, alisema.

Nikavaa. Nikapanda. Nikafumba macho. Nikakiona kitanda changu stoo, kando ya viazi.

Themanini na sita.

Muuguzi akaligusa koti, likalia kama kengele. Akauliza kama nafungua mlango wa kila mtu mjini. Nikakiri hila yangu. Binti yangu akaziba uso. Muuguzi akacheka, akasema koti lilikuwepo mara zote mbili, basi kilo mbili ni zangu halali. Akanijaribu kwenye ngazi ndogo, kupanda na kushuka mara kumi. Nikaweza. Akauliza nyumbani nafanya zoezi gani.

Wifi akajibu kabla yangu. Alisema kila siku napanda chumbani mara sita kumlilia kaka yake. Wamekubaliana na binti yangu wasiniulize. Yeye huita tu nikikawia, nisizidiwe.

Nikafunga vifungo vya koti. Si uongo wote. Kuna siku nilikula biskuti huku nalia.

Binti yangu akasema kitanda kibaki juu.

Jumanne, 18 Machi

Wifi ameondoka. Nimempa biskuti mbili za njiani. Alizitazama, akanitazama, akazitia mfukoni.

Nimefikiri sana juu ya yote haya. Kosa langu lilikuwa koti. Linaonekana, na linalia. Lakini kwenye kadi muuguzi hakuandika viatu. Buti za marehemu ziko chini ya kitanda, zina chuma mbele. Nimezijaribu. Zinanipwaya, ila ni nzito kweli. Mwezi ujao nitapimwa nazo, na mwezi utakaofuata nitazisahau nyumbani.

Nimezivaa hadi kidato cha nne. Kimelia vilevile.